Mikono Niliyoihesabu

Tarehe 9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na huyo mpwa wangu mtundu. Mimi ni mzima wa mwili, na roho nayo inajitahidi. Najua ujumbe wa simu ungekufikia leo hii, lakini wewe ndiye uliyenizoesha barua tangu ulipokuwa bweni katika shule ya viziwi, na mambo marefu siwezi kukuambia kwa njia nyingine. Mwambie Mama dawa ya goti asiwagawie majirani. Daktari alimpa yeye, hakuupa mtaa mzima.

Kazi nimeipata. Ni karani wa ofisi ya mtaa, nipo katika miezi ya majaribio. Ofisi iko ghorofani, juu ya ukumbi wa mikutano. Ina meza mbili, feni inayozunguka ikijisikia, na dirisha linalotazama ua wa nyuma. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, ila hapendi kurudia neno. Akikuambia kitu mara mbili, mara ya tatu anakuambia kwa barua. Kwa hiyo mimi nasikiliza sana na kusema kidogo.

Kamati inaandaa Siku ya Mtaa, na safari hii imeamuliwa iwe ya watu wote. Mwaka jana muuguzi mmoja mstaafu, ambaye siku hizi anatumia kiti cha magurudumu, aliishia mlangoni kwa sababu ya ngazi, akasikiliza hotuba zote juani kama muuza karanga. Mwaka huu wamemwingiza kwenye kamati, na tangu aingie hakuna anayesinzia. Matangazo yameandikwa kwa herufi kubwa. Safu za viti zitaachana katikati ili kiti chake kipite. Wazee watakaa karibu na feni. Sauti za spika zitapunguzwa kwa ajili ya watoto wasiovumilia kelele.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliandika kwenye tangazo kwamba wenye mahitaji maalumu wafike ofisini kujiandikisha. Na ofisi yenyewe, Dada, nimekwisha kukuambia iko wapi. Mama Muuguzi alikaa chini ya ngazi, akamtuma mlinzi aje kuniambia kwamba mahitaji yake maalumu ni mimi nishuke. Nilishuka masikio yakiwaka.

Mlangoni sasa pana mteremko wa mbao, imara kabisa. Umetengenezwa na mafundi seremala wenye banda hapo uani, nao wamekataa malipo. Ni watu wema, hawana maneno mengi.

Nibusie Mama.

Kitindamimba wenu


Tarehe 24 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imetukuta salama, ukiacha goti la Mama, ambalo siku hizi ndilo mkuu wa kaya. Likisema tukae, tunakaa. Mpwa wako ameng'oka jino la mbele na anatabasamu ovyo ili kila mtu alione pengo. Mimi nashona sare za shule mpaka naota vifungo.

Juzi palikuwa na mkutano wa wazazi. Nikamkalisha mpwa wako pembeni yangu anitafsirie. Mwalimu alisema kwa muda mrefu, uso umemkunjamana kama aliyeng'ata limau, kidole kinamwelekea mtoto. Nikamuuliza mtoto, anasemaje? Akanijibu kwa alama, uso mkavu kama hakimu: anasema mimi ni hodari kuliko wote, ila niongezewe muda wa kucheza. Nilipomsimulia Mama alicheka hadi akalishika goti.

Haya, tuje kwako. Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa sababu niliona ina tundu. Umemtaja wa kiti cha magurudumu, umewataja wazee, umewataja watoto wasiopenda kelele. Wa kwetu hujawataja. Halafu unaniambia kuna mafundi ambao "hawana maneno mengi". Mtu asiye na maneno mengi namjua, alikuwa marehemu Baba. Hao ni viziwi, sivyo? Kama ni viziwi, nakuhakikishia maneno wanayo kukushinda wewe.

Nani atawatafsiria siku hiyo? Na usinijibu kwa kunisalimia tu.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote, na kwamba Mama anapumzika. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, kisha nikaugua mafua, kisha posta ikafungwa mapema siku niliyokwenda. Hayo yote ni kweli, ingawa nikiyaona yamepangana hivi kwenye karatasi yanaonekana kama uongo.

Siku ya Mtaa imepita na imefana. Mama Muuguzi alipanda mteremko bila kusukumwa na mtu, na alipofika juu aligeuka akawapungia watu mkono kama malkia, ukumbi mzima ukacheka kwa raha. Mzee mmoja haoni vizuri. Alikuja na tangazo lake mfukoni, akasema ni mara ya kwanza anasoma ratiba mwenyewe badala ya kusomewa na mkwewe anayeruka mistari. Watoto walicheza. Mwenyekiti alisema mara moja tu kwamba nimefanya kazi nzuri, na kama nilivyokueleza, yeye hapendi kurudia neno.

Mchana palikuwa na mkutano. Lilipita pendekezo la kujenga njia ya saruji na choo kipana kandoni mwa ukumbi, ili mambo haya yasiwe ya siku moja. Lilipita kwa kauli moja.

Kuhusu swali lako, mkalimani hakupatikana.

Hapa mvua zimeanza na paa la chumba changu linavuja kwenye kona, lakini nimesogeza kitanda. Chakula nakula vizuri. Mpe mpwa wangu pole ya jino na umwambie nimemsifu kwa ukalimani wake.

Kitindamimba


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Mkalimani hakupatikana. Nani alimtafuta? Alimtafuta wapi?

Hao mafundi walikuwa wamekaa wapi, na wewe ulikuwa umekaa wapi? Huo upande wa ukumbi utakaojengwa una nini sasa hivi? Uliniambia banda lao liko uani.

"Kauli moja." Kauli yao waliitoa kwa lugha ipi?

Dada yako


Tarehe 19 Mei

Dada,

Bahasha tupu uliyoituma ndani ya bahasha nyingine, bila barua, yenye stempu na anwani yako tayari juu yake, imefika. Nimekuelewa. Imekaa mezani kwangu ikinitazama kuliko Mwenyekiti.

Nawasalimu wote. Sitaongeza salamu nyingine, kwa sababu kila nikiongeza naona ninajificha nyuma yake.

Ndiyo, ni viziwi, wote watatu. Mkubwa wao hapa ofisini tunamwita Randa kwa sababu ya kazi yake. Mtaani anaitwa jina baya ambalo unalijua, sitaliandika. Dirisha langu linatazama banda lao. Katika mji huu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, Dada, na tangu wiki ya kwanza nilikuwa nakula chakula cha mchana pale dirishani nikiwasoma mikono. Najua kwamba mke wa Randa anasikia, anamlalamikia kuwa anakoroma, na yeye anakana kwa kuwa hajawahi kusikia ushahidi. Najua wamepata oda ya madawati ya shule, kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Najua mimi wananiita kwa alama ya mtu anayetembea amebeba trei ya mayai. Siku ya kwanza nilipoiona nilicheka peke yangu, nikajifanya nimepaliwa.

Sikuwaambia kwamba najua lugha yao. Nikishuka uani wananionyesha vitu kwa vidole kama wanavyomwonyesha mtu asiyejua kitu, na mimi naitikia kwa kichwa. Kamatini, Mama Muuguzi alipouliza kama kuna anayejua lugha ya alama, mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Niliandika swali lake. Kimya kilichofuata nikakiandika kwamba mkalimani hakupatikana. Hakuna aliyemtafuta. Umeuliza, nimekujibu.

Siku yenyewe walikaa safu ya tatu, mashati yamepigwa pasi. Mwenyekiti aliushukuru mteremko wa mbao, akauonyesha kwa mkono, watu wakawageukia mafundi na kupiga makofi, nao wakainama kwa haya. Bila kupumua akaendelea kwamba kitu kizuri hivi kinafaa kiwe cha kudumu, na kwamba njia ya saruji na choo vitapita upande wa uani, na kwamba banda litaondolewa, na kwamba wenye banda wamekwisha kuzungumzishwa. Hawakuzungumzishwa na mtu. Mkono wake ulikuwa bado unaelekea kwenye mteremko. Akasema wanaokubali wanyoshe mikono.

Mikono ikanyoshwa kote ukumbini. Wale vijana wawili wakatazama kushoto na kulia, wakanyosha. Randa alinyosha yote miwili, akitabasamu. Alidhani wanaulizwa kama kazi yake ibaki. Nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa na karatasi. Macho yetu yalikutana, akaitikisa ile mikono kidogo, kama kuniambia, umeona?

Nikahesabu mmoja.

Wiki iliyopita niliipiga chapa notisi ya kuhama na kuishusha mwenyewe. Wamepewa hadi mwisho wa Julai. Randa aliisoma polepole, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Kisha akaonyesha karatasi, akaonyesha banda, akaonyesha yale madawati yaliyopangwa hadi kwenye mabati, akatandaza mikono: kwa nini? Nikainua mabega. Nilikuwa na maneno yote, na niliinua mabega.

Unataka kujua nilikuwa nimekaa wapi. Nilikuwa karibu vya kutosha. Lakini mimi siwezi kusimama mbele ya watu na kutoa maneno ya wengine kwa mikono yangu, na unajua tangu lini. Tangu siku ile ya wageni, sebuleni kwetu. Zaidi ya hapo sitaandika.

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Kitindamimba,

Mama hajambo. Mtoto hajambo. Mimi nilisoma barua yako pasi ikiwa juu ya sare ya mtoto wa watu, ikatoboka. Shimo hilo ni lako.

Kura imeniuma, na notisi imeniuma. Ila sijui kama unajua lililoniuma zaidi. Ni dirisha. Sisi hatuwezi kunong'ona. Tukiwa barabarani tunasema tumekunja mikono tumboni, kwa sababu watu wanatukodolea macho kama sinema ya bure. Hao watu walikuwa na ua mmoja ambamo waliweza kusema kwa upana wa mikono yao, mambo ya mke na kukoroma, wakidhani hakuna anayewasikia. Na wewe ulikuwa juu yao unatafuna.

Sasa kuhusu sebuleni. Umelitaja wewe, basi nami nitalitaja mara moja tu.

Walikuja kuniposa. Mimi nilikuwa nimevaa gauni nililolishona mwenyewe. Yule shangazi yao alisema alichosema, Mama akashindwa kunitazama, akakusukuma wewe mbele: mwambie dada yako. Ulikuwa mdogo, kola ya shati imekupanda shingoni. Ukaniambia kwamba hawataki wajukuu viziwi. Hukupunguza neno, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha usipunguze. Na kwa kuwa wewe ndiye niliyekuwa nakutazama, hasira zangu nilizimalizia kwako. Mwaka mzima sikukupa alama hata moja isipokuwa za kutuma: leta, peleka, funga mlango. Watu wazima tulikuwa wengi mle ndani, tukamtanguliza mtoto akapigwe na maneno yasiyo yake. Sijawahi kukuambia hivyo. Ninaona haya kuandika hata sasa, na kalamu nimeiweka chini mara nyingi kuliko unavyodhani.

Naona haya zaidi kwa ule mkutano wa shule uliotuchekesha. Mtoto alidanganya kwa sababu aliogopa, nami ndiye niliyemweka pale. Nimerudi kwa mwalimu peke yangu, nimemwomba aniandikie. Mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino, lakini nimeusoma. Mpwa wako si hodari kuliko wote. Hata karibu hayuko.

Lakini usinifanye mimi sababu. Yule wa sebuleni alikuwa mtoto. Huyu aliyeinua mabega uani ana ndevu na meza yake.

Nenda kwao kabla madawati hayajatolewa nje. Ukifika usianze na habari za sebule yetu, haziwahusu. Anza na kura.

Dada yako


Tarehe 8 Julai

Dada,

Nawasalimu kwa heshima, wewe na Mama, na huyo mwanafunzi wetu. Nitakueleza yote kwa mpangilio, kwa sababu kichwani bado hayajapangika.

Nilitamani kukuandikia kwamba nilikwenda siku ileile barua yako ilipofika. Sikwenda. Nilishuka hadi ngazi ya mwisho, nikarudi juu kana kwamba nimesahau kitu. Nikafanya hivyo siku kadhaa, mpaka mlinzi akaniuliza kama nina tumbo la kuendesha.

Mwishowe niliingia bandani asubuhi, nikasubiri msumeno uzimwe, nikainua mikono. Nilisema: samahani, naomba kuzungumza nanyi. Kijana mmoja aliachia nyundo. Walinitazama kama watu walioona meza inatembea. Randa akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu utotoni, dada yangu ni kiziwi. Sikuongeza zaidi ya hapo kuhusu nyumbani, kama ulivyoniagiza. Yeye akageuza kichwa polepole, akalitazama dirisha langu, akanitazama mimi.

"Yote?" akauliza.

"Yote," nikamjibu.

Kijana mwingine akatoka nje. Hadi leo akiniona anaweka mikono mfukoni.

Niliwaeleza kura. Randa alinitaka nimrudishie maneno ya Mwenyekiti kama yalivyosemwa, moja baada ya jingine, kisha akanitaka nimrudishie tena. Nilipomaliza aliuliza kuhusu mikono yake miwili. Nikamwambia niliandika mmoja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifuta vumbi la mbao kwenye mikono yake, akasema twende kwa yule mama.

Mama Muuguzi alitusikiliza akiwa barazani kwake, mimi nikitafsiri, sauti yangu inapanda na kushuka kama ya mvulana anayebalehe. Alikuwa ameambiwa, kama sisi sote, kwamba mafundi wamekubali. Akasema kwamba mwaka jana alipoachwa nje alijua yuko nje, jua lilimwambia. Hawa waliachwa nje wakiwa wamekaa safu ya tatu. Akaniangalia mimi muda mrefu. Hakuniuliza kwa nini. Akaomba simu yake.

Mwenyekiti alituita ofisini, yaani sisi tunaoweza kupanda ngazi. Akasema kura imepigwa na imehesabiwa. "Aliyehesabu ni nani?" akaniuliza. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama ninakumbuka kwamba niko kwenye majaribio. Nikasema nakumbuka. Nikasema pia kwamba watu watatu niliowahesabu hawakujua wanachoulizwa, na kwamba mimi nilijua hawajui. Akafunga faili. Labda yangeishia hapo, lakini Mama Muuguzi alikuwa amekwisha kumtumia ujumbe kwamba siku njia hiyo ya saruji itakapozinduliwa, yeye atakaa chini ya ngazi zile za zamani na kumweleza kila mgeni sababu. Mkutano ukaitishwa upya.

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko Siku ya Mtaa yenyewe, maana habari ya aibu haihitaji tangazo la herufi kubwa. Nilimwambia Randa kwamba huenda mimi sifai kumtafsiria, kwa kuwa kesi inanihusu. Akasema ni kweli sifai, lakini mwingine hayupo, na niliyemfanya asiwepo ni mimi.

Basi nikasimama ubavuni mwake. Mwanzoni nilitafsiri maneno ya Mwenyekiti kwake, na hilo halikuwa gumu. Kisha ikawa zamu yake, na mimi ikanibidi niwe sauti yake. Alizungumza taratibu, kama anayepima ubao kabla ya kuukata, nami nikasema anavyosema, "mimi" yake ikiwa "mimi" yangu:

"Mimi ni seremala. Nilitengeneza ule mteremko ili mama huyu aingie. Siku ile niliinua mikono kwa sababu nilidhani mnauliza kama kazi yangu ibaki. Mlikuwa mnauliza kama mimi niondoke. Karani wenu anajua lugha yangu. Alikuwa ananitazama. Alijua kwamba sijui, na akanihesabu."

Hapo ningeweza kupunguza. Hakuna mtu mwingine mle ndani ambaye angejua. Ningesema "kuna mtu", au "ofisi". Niliuona mlango huo, ulikuwa wazi kabisa, na nikasema kama alivyosema.

Watu hawakuelewa mara moja, kwa sababu sauti ilikuwa yangu na nilisema "karani wenu" kama ninamzungumzia mtu wa mbali. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Karani yupi huyo?" Baadhi wakacheka. Na mimi kazi yangu ilikuwa kutafsiri kila kitu, kwa hiyo nikamgeukia Randa nikamwambia kwa alama: wanauliza ni karani yupi, na wengine wanacheka.

Randa akanyosha kidole, akakigusisha kifuani kwangu. Akasema neno. Nikalitafsiri.

"Huyu anayesema sasa."

Kicheko kilikatika. Nilitazama sakafu, halafu nikakumbuka kwamba nikitazama sakafu siwezi kumwona akiendelea, nikainua macho. Alikuwa bado hajamaliza. Alieleza habari za madawati, na za kijana wake anayeanza kujenga, na akashauri kwamba upande wa pili wa ukumbi, pale kamati inapoegesha magari, ni pana na hauna mti wala banda. Hayo pia niliyasema, na hapo watu wakaanza kunong'ona kwa namna nyingine.

Kura ilipigwa tena. Safari hii Mama Muuguzi ndiye aliyehesabu, na kila swali lilisubiri mikono yangu imalize kwanza. Njia ya saruji na choo vitajengwa kwenye maegesho. Banda linabaki. Haikuwa kauli moja. Wenye magari walikuwa na yao. Kuhusu kazi yangu Mwenyekiti hajasema lolote, wala mara moja.

Watu walipoondoka tulibaki kukunja viti. Randa alinijia. Aliniuliza kama nilisema yote aliyoyasema. Nikamwambia yote. Akaniuliza kama kulikuwa na walichosema watu ambacho sikumfikishia. Nikafikiri kwa uaminifu, nikamwambia kuna mtoto alililia maji. Akaitikia kwa kichwa. Akasema mkutano ujao watataka mkalimani mwingine, mtu wanayemchagua wao, na kwamba kumtafuta ni kazi ya ofisi. Nikamwambia nitamtafuta.

Nilitaka kusema jambo jingine, Dada, lile lenyewe la kumwomba radhi, na nilikuwa nimekwisha kuinua mikono. Lakini yeye alikuwa ameinama, ameokota viti viwili mkono huu na viwili mkono ule, na kwetu tunaosema kwa mikono, mtu aliyebeba hivyo huwa amemaliza kuzungumza. Nikachukua vyangu nikamfuata.

Mdogo wako